Usimweke Marwa Pembeni

Nyanungu, alasiri, nikiwangoja mrudi

Mwanangu Rhobi,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Mchana umeondoka hapa na mama yako kwenda Sirari kumuaga mama yako mdogo, umeshiba viazi na maziwa ya mgando, umesahau sweta kwenye kiti, na bila shaka mama yako amekwisha kukuambia njiani kwamba kule Ulaya hakuna mtu wa kukukumbusha sweta. Hali yangu mimi ndiyo usiyoijua. Tangu juzi sina raha, chakula hakipiti vizuri, na sababu si ndege wala baridi, ingawa na hizo pia zinanitia hofu.

Ningeweza kungoja urudi nikakuambia kwa mdomo. Lakini najijua. Ningeanza na tiketi, ningeingia kwenye pasi, ningeuliza tena kama kufuli la sanduku linafunga, na jambo lenyewe lingebaki kooni. Mama yako husema mimi huaga mlangoni mpaka wageni wanachoka kusimama. Na kazi ya ubwana mifugo imenizoesha kuandika maneno machache: ng'ombe wa fulani, ndigana, amepona, au hakupona. Leo itabidi nizidishe, nawe univumilie.

Maelekezo ya safari sikupi. Mama yako amekupa yanayotosha kijiji kizima. Mimi nina neno moja, nalo ni la kesho asubuhi. Kabla ya kupanda gari utakwenda kumuaga Bibi Bhoke, na yeye ameomba umsomee ulichoandika kuhusu nyumba yake. Katika ulichoandika, Marwa hayumo. Umemtoa kwenye mstari ukamweka pembeni ya karatasi, kwa penseli, na alama ya kuuliza. Bibi anahesabu watoto watatu, mabinti wawili na huyo Marwa, na kesho atakaa kwenye kigoda chake akisubiri kusikia majina yote matatu. Ninaogopa, Rhobi. Sina jina jingine la kuliita jambo hili.

Ujue kwanza kwamba juzi, ulipotandaza zile kadi mezani, nilifurahi sana. Ulikuwa unatueleza mimi na mama yako kazi unayokwenda kusomea, na sijawahi kukusikia na sauti ile. Ukasema zamani, kabla ya mashine za kuchapa, watawa wa Ulaya walikaa wakinakili vitabu vya historia kwa mkono, mmoja ananakili kwa mwenzake, na kila anayenakili anakosea mahali. Anaruka mstari, anarudia neno, anaongeza jina kwa sababu ameona pengo. Kitabu cha kwanza kimeshapotea, zimebaki nakala za nakala. Basi wasomi huzilinganisha, na zile zenye kosa lilelile wanajua zimetoka tumbo moja. Kazi iliyowamaliza wazee wa vyuo, sasa maneno yanatobolewa kwenye kadi, kadi zinalishwa kompyuta yenye ukubwa wa chumba, nayo inatoa majibu kabla chai haijapoa. Mama yako akauliza kama hiyo kompyuta inakula kadi peke yake au na nyasi. Tulicheka sote.

Kisha ukasema umejaribu njia hiyo kwetu sisi. Ulikuwa umemrekodi Bibi Bhoke akitaja ukoo, ukanirekodi mimi, ukavuka mpaka kwenda Isebania ukamrekodi Matiko, mtoto wa shangazi yangu Gati. Ukayaandika masimulizi yetu kama nakala tatu za kitabu kimoja. Bibi alisema Chacha, yaani mimi, ni wa Marwa, na Marwa ni wa Bhoke. Mimi nilisema hivyohivyo. Matiko akasema Bhoke alizaa mabinti wawili, Gati na Nyangi, basi. Mimi nikadhani tumeshinda, maana tuko wawili kwa mmoja. Wewe ukatikisa kichwa, kwa upole lakini.

"Baba," ukasema, "wewe na bibi ni shahidi mmoja. Wewe umenakili kwake."

Nikakubali kwamba ni kweli, na nilikuwa bado natabasamu. Ndipo ukaniuliza, "Marwa alikuwa saiga gani?"

Mtu asiye Mkurya asingeona ukali wa swali hilo. Wewe ulijua unachouliza. Kila mwanaume wetu ana saiga yake, yaani wale aliotahiriwa nao msimu mmoja, na kwa hiyo tunajua umri wake, nani amheshimu na nani ataniane naye. Aliyekufa mtoto anaweza kukosa saiga. Aliyeoa na kuzaa hawezi. Nikajikohoza. Nikasema nasikia ndama analia nje, nikatoka. Hapakuwa na ndama. Nilisimama zizini muda, nikiangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote, na niliporudi ulikuwa umeshachukua penseli.

Baadaye, ulipokuwa ukifunga karatasi zako, ulisema jambo ambalo nadhani hukuona uzito wake. Ulisema kadi haina pembeni. Ukifika huko utautoboa ukoo wetu uwe mfano wako wa kwanza, mwalimu wako aone unavyofanya kazi, na maandishi ya pembeni hayatobolewi. Maana yake Marwa hata hapo pembeni hatabaki. Tangu hapo ndipo usingizi uliponikimbia.

Sasa nikuambie. Umepatia, na umekosea. Marwa hana saiga kwa sababu hakutahiriwa, na hakutahiriwa kwa sababu hakuzaliwa. Bibi Bhoke hakupata mtoto wa kiume hata mmoja. Mume wake alipofariki, nyumba yake ilikuwa na ng'ombe wa mahari ya Gati na ya Nyangi, lakini haikuwa na wa kuirithi. Basi akafanya walivyofanya wanawake wengine wa hapa wenye mkosi kama wake: akaoa. Tunaita nyumba ntobhu. Akapeleka ng'ombe kwa kina Weigesa, akamwoa Weigesa awe mke wa mwanawe Marwa, na kila aliyekula nyama ya harusi ile alijua kwamba Marwa ndiye mwana ambaye Bhoke hakumpata. Weigesa akaja, akawa mkamwana wa nyumba, akanizaa mimi. Ndiye yule bibi yako uliyemlilia sana ukiwa darasa la nne. Aliyenipa damu wapo wanaomjua, hana dai lolote kwangu, na mimi sikuwahi kuuliza. Baba yangu ni Marwa.

Labda unashangaa imekuwaje hukulisikia jambo hili. Mambo haya hakuna anayeyafundisha, watoto wa hapa huyaokota wakiwa machungani. Wewe ulikulia kwenye nyumba za serikali, kila nilipohamishwa, Mugumu, Musoma, kisha bweni, kisha chuo. Hukuchunga, ulisoma. Mimi ndiye niliyetaka hivyo, na siku zote nimejivunia, ila sikujua kwamba kuna vitu vinabaki machungani ukimwondoa mtoto mapema.

Lakini uliviona. Kumbuka boma la zamani la bibi, kule juu mlimani. Kulia kwa mlango wa zizi palikuwa na mahali patupu, pamefagiliwa, na hakuna aliyejenga wala kuanika wimbi pale. Ulikuja likizo ukataka kurukia kamba hapo, bibi akakufukuza. "Toka kwa Marwa," alikuambia. Ukadhani Marwa ni jirani mkali. Ukaniuliza mbona hatumwoni, nikakuambia amesafiri. Wewe ukatosheka, ukaenda kuruka kamba kwingine.

Na ilipokuja Operesheni, tukaambiwa tushuke wote tukae kijijini, viwanja vilipimwa kwa kamba, kila kaya kimoja. Bibi akasimama mbele ya watu akaomba cha kwake na cha mwanawe. Bwana aliyeshika kamba alikuwa mgeni, ametoka mkoa mwingine.

"Mwanao yuko wapi, mama?"

"Hajafika," bibi akasema.

Nilikuwepo, nimevaa suruali yangu ya kazi, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Katibu wa kijiji, kijana wa hapahapa, mwenye haraka na siasa nyingi mdomoni, akamwambia yule bwana, "Mpimie tu. Huyo tunamjua." Akapimiwa. Ndicho kile kiwanja cha wimbi unachopalilia kila ukija. Unachukua jembe asubuhi unasema, "Mama, naenda kwa Marwa." Uji uliokunywa leo umetoka huko. Kijiji kizima kinajua hakuzaliwa, na kijiji hichohicho kilimkatia kiwanja. Sijui kompyuta italiweka wapi jambo kama hilo, lakini ninyi ndio wasomi.

Utauliza mbona mimi mwenyewe, mwenye baba huyo, nilikimbilia ndama asiyekuwepo. Swali zuri. Nilipokuwa mtoto halikunisumbua. Niliporudi kutoka kutahiriwa, damu haijakauka, bibi alinionyesha mtamba mwekundu akasema, "Huyu anatoka kwa baba yako." Wenzangu walipewa mitamba na baba zao waliosimama pale, mimi nilipewa na wangu ambaye hakusimama, na mtamba wangu alikuwa mnene kuliko wao. Sikuona pengo lolote. Pengo nilikuja kuliona kazini.

Kazini tulikuwa watu wa kila mahali, na watu wakikaa pamoja huulizana habari za wazee wao. Mugumu nikaulizwa, nikasema baba alifariki kwa homa. Ikapita salama. Miaka ikaenda, nikahamia Musoma, nikasahau homa, nikasema alizama Mto Mara. Na kwa mchungaji aliyetufungisha ndoa mimi na mama yako nilisema aliuawa na simba, maana nilikuwa nimevaa suti ya kuazima na homa niliiona ndogo. Kisha siku moja, mnadani, yule wa Mugumu na yule wa Musoma wakakutana mbele yangu. Mmoja akanipa pole ya homa, mwingine akashangaa, na wakaanza kubishana juu ya kifo cha baba yangu, kila mmoja na uhakika wake. Nikawaambia alishikwa na homa akiwa anavuka mto. Walikubali wote wawili. Cheka, Rhobi, mama yako hucheka kila akiikumbuka. Ninyi mnatafuta nani amekosea katika kunakili, na mimi peke yangu nilitoa nakala tatu.

Haikuishia hapo. Kuna semina moja tuliitwa, mtaalamu akasimama akazitaja mila zinazoturudisha nyuma, na ya kwetu ikiwemo, akaieleza vibaya, akachekesha watu. Nilikuwa safu ya mbele. Nilipiga makofi na wengine. Nilipokwenda likizo bibi alinikaangia kuku, akanipakulia paja, na sikuweza kulimaliza.

Nimekaa na mambo hayo muda mrefu na nimeona jambo moja tu ndani yake. Kwa bibi, Marwa hajawahi kuwa uongo, kwa sababu bibi hakumdanganya mtu. Hakusema amezaliwa. Alisema ni mwanawe, akamwolea, akampa mahali. Aliyemfanya uongo ni mimi, kila nilipomtafutia kifo ili watu wasiniulize zaidi. Niliona haya badala ya kueleza. Kueleza kungechukua muda mfupi tu, wa kunywa kikombe cha chai, na wengine wangecheka, na wengine wangesema hata kwetu kuna kitu kama hicho. Juzi mezani nilipata nafasi nyingine, nikakimbilia zizini. Kwa hiyo kwa ile penseli sikulaumu hata kidogo.

Nimeacha kuandika kidogo, sasa nimerudi. Bibi amekuja hapa.

Amekuja polepole na fimbo yake, peke yake, akakaa kwenye gogo mlangoni. Nikamwamkia, nikamletea maji. Akaitazama meza.

"Mura," akasema. Nina mvi kichwa kizima na kwake bado mimi ni mura, yaani kijana. "Unaandika ng'ombe gani hao wengi?"

"Namwandikia Rhobi."

"Si mnalala nyumba moja?"

"Ni mambo ya safari, bibi."

Akanywa maji, akapangusa mdomo kwa khanga. Halafu akasema, "Huyo msichana wako ameniuliza saiga ya Marwa."

Sikujua kwamba ulishamuuliza na yeye. Nikaanza kukuombea radhi, nikasema ni mambo ya chuo, huko wanafundishwa kuulizauliza, mtoto hakuwa na nia mbaya. Akapiga fimbo chini ili ninyamaze.

"Radhi ya nini? Mtu akikuuliza saiga ya mwanao, si anataka kujua atamwamkia vipi? Wewe umewahi kuniuliza?"

"Hapana, bibi."

"Weigesa hakuniuliza. Wazee hawakuniuliza. Wote wananipita kwa mbali wakifika hapo. Huyu alikaa na kile kisanduku chake cha kunasa sauti, akaniuliza ya Marwa kama alivyoniuliza ya mume wangu. Nikamwambia angoje, nifikirie."

"Na umefikiria?"

"Ndicho nimekuwa nikifanya. Marwa angekuwa wa kwanza, kabla ya Gati, maana nilimwota mwanzo kabisa. Kwa hiyo angetahiriwa ule msimu baada ya njaa, vijana walipokuwa wachache. Saiga moja na mume wa Gati, baba yake Matiko." Akacheka kidogo, unajua anavyocheka bila sauti. "Wangetaniana hao. Mume wa Gati alikuwa na maneno. Marwa angemweza."

Nikauliza kama niende naye mpaka kwake.

"Miguu ninayo," akasema. "Kesho nitamwambia mtoto, aandike. Mwambie aje na ile karatasi."

Ameondoka. Nimemwangalia mpaka amepita kile kiwanja cha wimbi, na alipokifikia alisimama kwanza kupumzika, kisha akaendelea.

Sasa unaona shida yangu ilivyokua. Nilianza barua hii nikiogopa kwamba kesho utamkosesha jina moja. Nilikuwa nimejiandaa kukuomba ulitaje tu, hata kwa kupitia haraka, kisha ukaandike utakavyo mbele ya safari. Nilitaka ukafanye nilivyofanya mimi mnadani, nikiri hilo. Lakini bibi anakuja na zawadi. Tangu umuulize, mwanawe amepata umri, amepata shemeji wa kutaniana naye, na yote hayo anakuletea wewe uyachukue mpaka Ulaya. Nilidhani swali lako limemjeruhi, kumbe sisi tuliokaa kimya kwa heshima ndio tuliomwacha peke yake na Marwa. Hilo limeniuma sana, sitalificha.

Na najua kwamba wewe huwezi kuandika tu kila unachoambiwa. Saiga iliyofikiriwa na mama si sawa na saiga ya mtu aliyesimama na wenzake akavumilia kisu. Sikuombi udanganye. Mimi ndiye niliyedanganya katika nyumba hii na ladha yake naijua. Ninachoomba ni kigumu zaidi, na pengine ni upumbavu wa mtu wa ng'ombe. Andika kwamba hakuzaliwa. Andika kwamba ni mwana wa Bhoke, mume wa Weigesa, baba wa Chacha. Andika saiga yake, na uandike nani amekuambia na ameifikiriaje. Hakuna uongo hapo hata kidogo. Ila uyaandike kwenye mstari, mahali panapotobolewa, usiyaache pembeni yakadondoka njiani.

Kama njia ya mwalimu wako haina mahali pa mtu wa namna hiyo, mwulize mwalimu wako. Mimi sijaona vile vitabu vya watawa, nimeona ile picha uliyotuonyesha, yenye herufi kama miguu ya kuku. Lakini tangu juzi nawaza kwamba huenda na humo kuna jina ambalo wasomi wamelikata, wakasema mwandishi alisinzia, kumbe mwenye jina alikuwa mwana wa mtu. Huenda mwandishi alijua alichofanya. Watoto wa Ulaya hawawezi kuliona hilo kwa urahisi, sidhani kama wanapimia viwanja watu ambao hawajafika. Wewe unaweza kuliona, maana umepalilia.

Nina hofu nyingine, ya kawaida ya mzazi, nayo niitoe kabla hamjafika. Naogopa utakaa huko na mashine inayopata makosa upesi, na ukirudi utatuona sisi kama nakala mbaya. Makosa tunayo. Matiko ana yake, mimi nimekuorodheshea yangu, bibi hajui hata alizaliwa mwaka gani. Tusahihishe unapoweza, lakini usitusahihishe mpaka tuishe. Na urudi. Mama yako amekuambia urudi na kitambaa cha mapazia, mimi nakuambia urudi tu.

Ulisema mimi na bibi ni shahidi mmoja kwa sababu nimenakili kwake. Nimelifikiria sana neno hilo na sasa silikatai. Nimenakili kwake, na wewe umenakili kwangu. Fungua pasi yako uangalie. Mimi nimeifungua leo, samahani, nilikuwa nahakikisha ipo. Imeandikwa Rhobi Chacha Marwa. Umemtoa kwenye karatasi na umemfunga kwenye mkoba, na huwezi kupita mpaka wowote bila yeye.

Nasikia sauti ya mama yako kule njiani, anamwamkia kila mtu, kwa hiyo bado nina muda kidogo. Nitakupa barua hii mkononi pamoja na sweta lako, kisha nitatoka kwenda kumtazama ndama. Usinifuate, isome. Kesho ukiwa kwa bibi, soma kwa sauti, maana masikio yake siku hizi yanamchezea. Ukilifikia jina la Marwa usishushe sauti wala usiharakishe, na akikuambia saiga yake, mwulize jambo moja zaidi juu yake, lolote lile, kama ungemuuliza mama mwingine yeyote.

Uliniambia kule Ulaya mwalimu humwita mtu kwa jina lake la mwisho. Basi siku ya kwanza darasani mtu atasimama mbele ya watu aite Marwa, mtu asiyejua lolote, asiyeona haya wala huruma, na atangoja mwenye jina ajibu. Usitazame pembeni, mwanangu. Itika.

Ni mimi baba yako,

Chacha Marwa